Maswali ya kila siku kuhusu apu za ramani: ukiendesha Malindi, Lamu, na ukitoka nje ya nchi

Haya ndo maswali yanayorudi kila mara kutoka kwa madereva wa hapa Malindi, watu wa tuktuk, wenye gari za kukodisha na jamaa wanaosafiri kwenda Tanzania, Ghuba ama Italia. Majibu mengine marefu mengine mafupi, ruka usilolihitaji.

Nipe jina moja tu, niweke apu gani?

Jina moja halitoshi, weka mbili. Google Maps kwa sababu ya habari za jamu na kwa sababu maduka, sheli, hoteli na misikiti mingi imeandikwa humo, halafu Organic Maps ama OsmAnd kwa ajili ya pale neti inapokata. Zote unaanza nazo bure. Watu wanauliza ipi bora kana kwamba kuna mshindi lakini apu inachaguliwa na safari, mtu anayezunguka Malindi mjini, Watamu na Kilifi hana shida moja na anayekwenda Mokowe, kwenye gati la kuvukia Lamu, na huyo naye hana shida moja na aliyetua Dubai akapewa gari yenye usukani kushoto. Kabla hujauliza apu jiulize neti inafika mpaka wapi kwenye njia yako, na nani mwengine anapita njia hiyo na simu yake imewashwa, manake habari za jamu zinatoka kwa simu za wenzako barabarani, hakuna mtu Google aliyekaa akiangalia barabara ya Kakoneni.

Kwani GPS haitumii bando?

Haitumii. Simu inapokea tu mawimbi kutoka setilaiti zilizo juu kiasi cha kilomita 20,200, ikizisikia nne basi imejua iko wapi. Kinachokula bando ni ile picha ya ramani yenyewe, kutafuta majina na hali ya jamu. Ndo maana bando likiisha unaona kile kidoti cha buluu bado kinatembea lakini kinatembea juu ya skrini tupu. Simu nyingi za siku hizi husikia pia setilaiti za GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya Uchina, ndo zikawa na shabaha nzuri kuliko za zamani. Ila bila neti kidoti cha kwanza chaweza kuchelewa dakika kadhaa, kwa sababu neti ndo humwambia simu mapema setilaiti ziko upande gani. Toka nje, simama peupe, subiri kidogo, usianze kulaumu simu.

(Na ukitaja setilaiti Malindi lazima utaje Ngomeni: kwenye jukwaa la San Marco la Waitaliano, pale baharini, ndipo iliporushwa setilaiti ya Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Haikuwa ya ramani, ilikuwa ya kuchunguza nyota, lakini ni yetu.)

Nimedaunlodi ramani ya Google ya kutumia bila neti. Yatosha?

Yatosha kwa safari nyingi za gari. Unabonyeza picha yako juu kulia, unaingia kwenye ramani za nje ya mtandao, unachora kile kiboksi kifunike unakokwenda, unaidaunlodi ukiwa kwenye waifai. Chora kiboksi kikubwa kuliko njia yenyewe, watu wanafunika Malindi mpaka Garsen halafu wakipita Garsen wanaanza kushangaa.

Ijue mipaka yake lakini. Bila neti haikupi jamu, haikupi njia mbadala, na maelekezo ya kwenda kwa miguu hayapo. Ramani hiyo pia inazeeka, usipoiapdeti muda wake unaisha na inafutika, kwa hivyo usiku wa kuamkia safari ifungue uangalie ipo. Mtu aliyeidaunlodi mwaka juzi akaisahau hana ramani.

Waze je? Mabinamu wa Nairobi wanaisifu sana.

Wanaisifu kwa haki, kwao inafaa. Waze ilizaliwa Israeli, Google ikainunua mwaka 2013, na nguvu yake yote ni madereva kuambiana: hapa kuna ajali, hapa polisi, hapa shimo. Thika Road asubuhi kuna maelfu wa kukwambia. Ukishapita Gongoni unaelekea Garsen huna wa kukwambia kitu, uko wewe na mbuzi. Halafu Waze inataka neti ili ikutafutie njia, ikishaipata njia ukapoteza neti itaendelea kukuongoza, lakini ukikosea kona huko huko haina la kukusaidia. Iweke kama unaenda Mombasa ama Nairobi mara nyingi. Kwa huku kwetu siioni faida.

Organic Maps na OsmAnd ni nini, na ramani zao wanatoa wapi?

Zote mbili zinatumia OpenStreetMap, mradi ulioanza Uingereza mwaka 2004 ambao ramani yake inachorwa na watu wa kawaida dunia nzima, mtu yeyote anaweza kuingia akaongeza njia ama kusahihisha jina. Unadaunlodi nchi ama eneo zima mara moja, halafu kila kitu, kutafuta, kuongozwa, vyote vinafanyika ndani ya simu. Organic Maps ni nyepesi na haina matangazo, mtu yeyote ataielewa. OsmAnd ina setingi nyingi mpaka zinachosha, na ile ya bure ina kikomo cha ramani utakazodaunlodi, lakini kwa mtu wa safari za porini ni chombo cha maana.

Kinachonipendeza mie kwenye OpenStreetMap ni vijia. Njia za mashambani kule Magarini na Langobaya, vichochoro vya Lamu, vitu ambavyo kampuni haioni faida kuvichora, mara nyingi vimo kwa sababu kuna mtu alipita akavichora. Na mara nyingine havimo, kwa sababu hakuna aliyepita. Hapo unaweza kuongeza mwenyewe, Organic Maps inakuruhusu kuongeza duka ama zahanati kutoka kwa simu, ila usiandike uongo, kuna mtu atakuja kuitegemea usiku.

Hazina jamu ya kweli hizi. Muda wa kufika wanaokupa ni hesabu tu ya mwendo.

Naenda Lamu na gari. Ramani inanionyesha barabara mpaka mwisho, niamini?

Amini mpaka Mokowe. Gari inaishia pale kwenye gati, unaliegesha, unapanda boti ama mashua kuvuka. Ukiandika "Lamu" kama mwisho wa safari apu inaweza kuleta muda wa ajabu kwa sababu inajaribu kuhesabu maji, andika "Mokowe" moja kwa moja.

Njia ni Malindi, daraja la Sabaki, Gongoni, Garsen, Witu, Hindi halafu Mokowe. Siku hizi kuna lami, si ile ya zamani ya kuteseka na matope, na hilo ndo limewafanya watu waiamini apu kupita kiasi. Kuna mambo mawili haiyajui. La kwanza ni usalama: upande wa Nyongoro magari yamewahi kushambuliwa, kuna vizuizi vya polisi, na kuna vipindi magari husindikizwa ama huzuiwa kupita usiku. Ramani itakuhesabia saa kana kwamba unapita bure. Panga ufike mchana, na uwaulize wenye mabasi asubuhi hiyo hiyo hali ikoje, hao ndo wenye habari.

La pili ni mafuriko. Novemba 2023 wakati wa El Niño barabara ya Malindi kwenda Garsen ilikatika kule Mbogolo. Barabara ikifungwa hivyo ramani ya ndani ya simu haina namna ya kujua, na hata ile yenye neti inangoja mtu aripoti. Msimu wa mvua sikiliza redio na taarifa za KeNHA, mamlaka ya barabara kuu, kwanza, ramani baadaye.

Ukishavuka, mji wenyewe wa Lamu simu utaiweka mfukoni. Vichochoro ni vyembamba, kuta ni ndefu za mawe, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta na kuruka, kidoti kinakwambia uko nyumba ya tatu kumbe uko msikitini. Muulize mtu, ama mtoto yeyote wa pale.

Nikienda Nairobi apu imeniambia nipite Kaloleni, mara nyingine Sala Gate. Ni akili hiyo?

Kaloleni ni akili. Unatoka Kilifi, unakunja Mavueni, unapita Kaloleni unatokea Mariakani kwenye barabara kuu, Mombasa yote umeikwepa na malori yake. Apu hapo inasema kweli.

Sala Gate ni hadithi nyengine. Kwenye ramani inaonekana fupi, kutoka Malindi kupitia Kakoneni moja kwa moja mpaka Voi, lakini ukishaingia geti uko ndani ya Tsavo East, kuna kiingilio cha KWS, shirika la wanyamapori, kuna mwendo wa pole kwa sababu ya wanyama, na geti hufungwa saa kumi na mbili jioni. Kwa mtu wa kutalii ni njia nzuri sana. Kwa mtu wa haraka si njia.

Jambo hilo hilo kwa udogo wake liko kwenye njia za Marafa na vijiji vya ndani: apu inapenda njia fupi na haijui mchanga wala udongo uliolowa. Gari ndogo ya chini ikishanasa kwenye mchanga, kilomita tatu ulizookoa zinakula siku nzima. Kabla ya kuifuata badilisha ramani kwenye picha ya setilaiti uangalie, njia ikiwa ni mstari mweupe mwembamba kati ya mikorosho basi uliza kwanza.

Wageni hawapati kwangu, hakuna namba ya nyumba wala jina la mtaa. Nifanye nini?

Tuma pini, usitume maelezo. Ile "ukifika kwa mwembe uliza kwa mama fulani" iache iwe ya mwisho. Kwenye WhatsApp tuma lokesheni ukiwa umesimama mlangoni pako, nje, si ndani chini ya bati ama chini ya sakafu mbili, na ungoje namba ya mita inayoonyesha shabaha ishuke kabla hujatuma. Kama mgeni yuko njiani anaweza kukutumia lokesheni ya moja kwa moja, inakaa dakika 15, saa moja ama saa 8, ukamwona anavyokuja. Google Maps nayo ina Plus Code, herufi na namba chache kwa kila kiwanja duniani, unaweza kuziandika hata kwenye kadi ya biashara, na mtu akizipiga anafika.

Ukimtumia jina tu uwe mwangalifu. Kuna Malindi Unguja, ndani ya Mji Mkongwe, na kuna Malindi Malawi kando ya ziwa. Mtu aliyeko Tanzania akiandika "Malindi" anaweza kuletewa ile ya karibu naye.

Naenda Tanga na Dar kwa gari. Kuna la ziada?

Mengi lakini si ya apu. Apu itakuvusha Lunga Lunga na Horohoro kana kwamba ni raundabaoti, haikwambii habari ya uhamiaji, kibali cha muda cha gari wala bima ya kadi ya njano ya COMESA (jumuiya ya biashara ya Afrika Mashariki na Kusini), ambayo Tanzania wanaitumia ingawa wao si wanachama wa COMESA. Muda iliokupa uongeze foleni ya mpakani.

Kabla ya hapo kuna swali la Mombasa: angalia kama imekupitisha feri ya Likoni ama barabara ya Dongo Kundu, kwenye setingi kuna pahali pa kukataa feri. Na ukishaingia Tanzania mwendo wa vijijini ni 50, trafiki wana rada, kibao kidogo kando ya barabara ndo sheria, si namba iliyoandikwa kwenye skrini. Udaunlodi ramani ya pwani yote mpaka Dar ukiwa nyumbani, laini utanunua huko.

Dubai na Omani?

Google Maps na Waze zote zinafanya kazi vizuri. Tatizo ni kasi na kona: Sheikh Zayed Road ukikosa kutoka pale ulipoambiwa unaweza kwenda mbali ndo upate pa kugeuza, kwa hivyo sikiliza sauti mapema na ufuate mishale ya leni, wao huendesha upande wa kulia. Mageti ya Salik, yale ya kulipia barabara, hayana mtu wala kizuizi, kamera inasoma gari na kampuni ya kukodisha inakudai baadaye, ukiweka setingi ya kukwepa barabara za kulipia utazungushwa, wakati mwingine bora ulipe. Na usishike simu mkononi, faini ni dirhamu 800 na pointi 4.

Omani iangalie mvua. Ramani inakupitisha kwenye wadi, yaani mkondo wa mto uliokauka, kama barabara ya kawaida, siku kavu ni barabara, siku ya mvua ni mto, na kuivuka ikiwa imejaa ni kosa kisheria mbali na kwamba unaweza kufa. Majina ya Kiarabu nayo yanaandikwa namna tatu nne kwa herufi zetu, usipopata jina muombe mwenyeji pini.

Dada yuko Italia, nikikodi gari huko?

Hapa msome vizuri manake Malindi tuna jamaa wengi huko. Miji ya Italia, Roma, Firenze, Milano na mingine mingi, ina maeneo ya katikati yanayoitwa ZTL ambako gari lisilo na kibali haliruhusiwi saa fulani, na kamera inapiga picha namba. Apu inaweza kukupeleka mle mle kwa sababu hoteli yako iko ndani. Faini unakuja kuiona baadaye kupitia kampuni iliyokukodishia, pamoja na ada yao ya kupeana jina lako. Muulize mwenye hoteli kama iko ndani ya ZTL na kama atakusajilia namba ya gari, na ukiona kile kibao cha duara jekundu lenye katikati nyeupe usifuate sauti ya simu.

Chukua leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka. Ukivuka kutoka Italia kwenda Uswisi zima zile tahadhari za kamera za mwendo, huko ni marufuku, na Ujerumani dereva pia haruhusiwi kuzitumia. Ufaransa apu zenyewe huonyesha eneo la hatari tu badala ya pale kamera ilipo.

Uchina na Korea Kusini?

Uchina Google imefungwa na ramani zao zimesogezwa makusudi kwa sheria, pini ya kawaida yaweza kuanguka mita mamia kutoka pahali penyewe, wenyewe wanatumia Amap na Baidu. Korea Kusini tumia Naver Map ama KakaoMap, Google imekuwa haitoi maelekezo ya gari kule kwa sababu serikali ilizuia ramani za kina kutoka nje ya nchi. Watu wa kwenda Guangzhou kununua mali wengi hawaendeshi, lakini hata teksi utaihitaji hiyo Amap.

Nina iPhone. Apple Maps haifai?

Inafaa Ulaya na Marekani, na tangu iOS 17 ya mwaka 2023 unaweza kudaunlodi ramani zake. Kwa Malindi nimeiona bado haina biashara nyingi ndogo. Google Maps unaweza kuiweka kwenye iPhone, hakuna ugomvi.

Trafiki akinikuta na simu ikiongoza?

Kushika simu ukiendesha ni kosa Kenya pia, Uingereza ni pauni 200 na pointi 6. Nunua holda, iweke chini pembeni ya kioo pasipokuzuia kuona, andika unakokwenda kabla hujatoa gari, halafu fuata sauti. Sauti itatamka Marikebuni na Takaungu kwa namna ya kuchekesha, utazoea. Ukitaka kubadilisha njia simama.

Mimi ni wa bodaboda, kuna tofauti?

Google Maps ina hali ya pikipiki, muda wake uko karibu na ukweli kuliko ule wa gari. Simu ya bei usiifunge kwenye usukani, Apple wenyewe walionya mwaka 2021 kwamba mtikisiko wa injini kubwa za pikipiki unaweza kuharibu kamera. Weka kispika sikio moja, simu mfukoni.

Simu inapata moto na chaji inaisha haraka.

Skrini iliyowaka mfululizo, GPS na jua la saa nane kwenye dashibodi, lazima ipate moto, na ikizidi inajizima. Weka holda karibu na tundu la eisii, punguza mwangaza, zima skrini kwenye njia ndefu iliyonyooka kama ya Garsen, sauti itaendelea. Chaja ya gari isiwe ile ya bei ya chini kabisa, nyingi zinachaji polepole kuliko simu inavyokula. Bando usiliogope, kuongozwa kwa saa nzima ni MB chache, kinacholimaliza ni ile picha ya setilaiti na video za watoto kiti cha nyuma.

Na hizi apu zinanifuatilia?

Google inaweza kuweka historia ya ulikopita ukiiruhusu, ingia kwenye akaunti uizime ama uweke ijifute yenyewe. Organic Maps haifuatilii.